Samoni wapo chini ya boti lakini hawali: Ziwa Ontario kuanzia Septemba hadi Novemba

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Naishi Rochester, jimbo la New York, na huu ni mwaka wangu wa kwanza kuvua Ziwa Ontario kwa boti. Agosti tulikuwa tunapata samoni karibu kila tukitoka, vijiko (chambo cha bati kinachong'aa) vikiwa mita 25 chini, maji nyuzijoto 11 au 12. Mwisho wa Septemba tumerudi palepale, kina kilekile, chambo kilekile, hatujapata kitu. Cha ajabu, sona, kile kifaa cha kuona samaki chini ya boti kwa mwangwi wa sauti, inaonyesha samaki wakubwa mbele ya mdomo wa Mto Genesee, na wengine wanaruka tunawaona kwa macho. Je, niendelee kufuata joto la maji? Upepo gani unafaa? Na boti niitoe majini lini?

JIBU: Marahaba, kaka. Hao wanaoruka mbele ya mto wamekujibu nusu ya swali: samaki hujawapoteza, wameacha kula tu. Agosti ulikuwa unavua samaki mwenye njaa, na mwenye njaa hutabirika, maana anafuata chakula, na chakula kinafuata joto la maji. Mwisho wa Septemba ziwa lina makundi mawili ya samoni yasiyofanana hata kidogo. Kila kundi lina mahali pake, kina chake na sababu yake ya kugusa chambo. Ukitoka asubuhi bila kuamua unafuata lipi, utashinda katikati ya yote mawili na kurudi mikono mitupu, na nadhani ndicho kilichowapata.

Nianze na wale wakubwa wa mbele ya mto. Samoni chinuki si mwenyeji wa ziwa hilo, ni samaki wa Bahari ya Pasifiki. New York ilianza kupandikiza vifaranga vya samoni koho mwaka 1968 na vya chinuki mwaka 1969, baada ya Michigan kufanya hivyo kwenye Ziwa Michigan mwaka 1966 na 1967. Wakati huo maziwa yale yalikuwa yamefurika elwaifu, kisamaki cha rangi ya fedha kinachotembea kwa makundi kama dagaa, na hapakuwa na wa kuwala. Trauti wa ziwani, samaki wa jamii ya samoni, alikuwa amemalizwa na uvuvi wa kupindukia pamoja na lamprei, yule mdudu-samaki anayejibandika ubavuni na kunyonya damu. Samoni wa Atlantiki, mwenyeji halisi wa Ontario, alikuwa ametoweka tangu mwishoni mwa karne ya 19. Basi chinuki akaletwa ale elwaifu, na akala kwelikweli: mwaka 1991 alivuliwa mmoja katika Mto Salmon mwenye uzito wa zaidi ya kilo 21.

Nimekwenda huko nyuma kwa sababu moja. Chinuki hulichukulia ziwa kama bahari. Hukaa humo akinenepa, kwa kawaida mpaka afikishe miaka mitatu au minne, kisha anarudi mtoni, anataga mara moja tu, anakufa. Mto anaourudia ni ule aliozaliwa au aliomwagiwa akiwa kifaranga, na anautambua kwa harufu ya maji. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Agosti wale waliopevuka wanasogea pwani, wanajikusanya mbele ya mito yao, Genesee, Oak Orchard, Oswego, Salmon, Niagara, na upande wa Kanada mito kama Credit na Ganaraska, wakisubiri maji ya mto yapoe na yaongezeke.

Mpasue jike mmoja aliyevuliwa hapo mwezi Septemba utaelewa kila kitu. Mifuko miwili ya mayai ya rangi ya chungwa imejaa kuanzia kifuani hadi karibu na mkia. Tumbo la chakula limebanwa pembeni, limesinyaa likawa jembamba kuliko kidole, na ukilichana ndani hukuti hata mfupa wa elwaifu. Dume naye taya limeanza kupinda, meno yamechomoza, fedha ya ubavuni inageuka kuwa hudhurungi. Mwili umeshaamua kwamba chakula basi. Mafuta aliyojiwekea ndiyo yatakayompandisha mto.

Sasa kijiko kidogo cha fedha kinachoigiza elwaifu kitamwambia nini samaki wa namna hiyo? Hakuna. Huyu anagusa chambo kwa hasira au kwa mazoea ya zamani, na inabidi umchokoze. Chambo kiwe kikubwa, chenye kutingishika na kutikisa maji: samaki bandia wa urefu wa sentimita 10 hadi 13 anayeyumba kwa nguvu, au bamba la kung'aa linalozunguka likifuatwa na chambo cha manyoya. Rangi zenye kelele, chungwa, kijani kikali, nyekundu. Kwenye giza tumia vile vinavyomulikwa tochi vikabaki kuwaka. Mwendo wa boti usizidi sana kilomita 4 kwa saa, na usiende mstari ulionyooka. Kata kona. Kwenye kona chambo cha upande wa ndani hupungua mwendo na kuzama, cha nje hukimbia na kupanda, na mara nyingi hapo ndipo fimbo inapoinama. Kingine ni kurudia. Ukiona kundi kwenye sona usilipite mara moja ukaenda zako. Lipite tena kutoka upande mwingine, na tena, mpaka mmoja achoke kuvumilia.

Saa nayo si jambo la kuchagua upendavyo. Mbele ya mto, kwenye kina cha mita 8 hadi 20, dirisha lako ni kabla jua halijachomoza mpaka linapoanza kupiga maji, labda kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kisha tena jua linapozama. Mwanga ukiingia na boti zikijaa, wanashuka na kufunga midomo. Unaweza kuwaona wakiruka mchana kutwa na usipate hata mguso mmoja. Samaki anayeruka siku hizo hajatangaza kwamba ana njaa. Wavuvi wengi wanaodanganywa na sona mwezi Septemba wanadanganywa kwa namna hii, wanakaa juu ya samaki saa nne, saa tano asubuhi, wakibadilisha vijiko, ilhali mchezo ulishakwisha alfajiri wakati wao bado wanashusha boti.

Joto la maji kwa kundi hili lina nguvu kidogo tu. Chinuki anayekula hupenda nyuzi 10 hadi 13. Aliyepevuka atavumilia maji ya 17 au 18 mbele ya mto kwa sababu harufu ya mto inamshinda nguvu. Lakini kidogo si bure, na hapa ndipo upepo unapoingia, kwa hiyo nitalijibu swali lako la pili kwa kirefu maana ndilo lenye faida zaidi.

Mwezi Septemba Ontario bado lina matabaka. Juu kuna maji ya joto, chini kuna maji baridi, na kati yao kuna mpaka mwembamba ambapo joto linaporomoka ndani ya mita chache. Mpaka huo haujatulia kama sakafu. Upepo ukivuma kwa siku mbili tatu upande mmoja, unasukuma maji ya juu, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia, huku kaskazini mwa ikweta maji hayo hayaendi sawasawa na upepo bali yanaelemea kulia kwake. Wewe uko pwani ya kusini. Upepo wa mashariki unaovuma kuelekea magharibi, kulia kwake ni kaskazini, yaani katikati ya ziwa. Maji ya joto yanaondoka pwani kwako, na maji baridi ya chini yanapanda kuchukua nafasi. Upepo wa kusini unaotoka nchi kavu nao husaidia kwa njia fupi zaidi, unayasukuma tu maji ya juu yatoke pwani. Upepo wa magharibi unafanya kinyume: unayarundika maji ya joto kwenye pwani yako, ule mpaka wa joto na baridi unazama, na baridi inapanda upande wa pili, kule Toronto.

Matokeo yake si madogo. Mahali pa kina cha mita 20 mbele ya Rochester, wiki moja pana nyuzi 18 kutoka juu hadi chini, wiki inayofuata, baada ya matlai, yaani upepo wa mashariki, ya siku mbili, pana nyuzi 8 mita chache tu chini ya boti. Samoni waliokuwa wametawanyika kilomita kadhaa ndani wanaingia na hayo maji baridi kwa mpigo, wanaokula na wasiokula pamoja. Ndiyo maana utasikia mtu anasema "Jumanne palikuwa patupu, Alhamisi samaki walikuwa wengi hata hatukuweza kushusha fimbo ya tatu." Anadhani samaki wamefika kutoka mbali, kumbe ni maji yamepanda.

Kwa hiyo kabla ya kutoka usitazame upepo wa leo peke yake. Leo unakwambia kama utatapika au la. Upepo wa siku tatu zilizopita ndio unaokwambia samaki wako wapi. NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, huchapisha ramani za joto la uso wa maji zinazotokana na setilaiti. Zifungue siku mbili mfululizo uzilinganishe. Ukiona ukanda wa bluu umejitokeza kando ya pwani yako huku katikati ya ziwa pakibaki pa rangi ya joto, toka. Ramani hiyo inaonyesha uso tu, na siku za mawingu inachelewa, kwa hiyo shusha pia kipimajoto pamoja na lile tufe la risasi linalozamisha chambo, uone mwenyewe mpaka uko mita ngapi. Wengi wanapima joto la juu linaloandikwa kwenye kioo cha boti na kuridhika. Namba hiyo mwezi Septemba haina kazi kubwa zaidi ya kukuambia uvae nini.

Upo upepo mwingine nisiousahau, ule wa kaskazini na kaskazini-magharibi unaokuja na baridi ya kwanza na mvua. Kwa uvuvi wa ziwani mbele ya mto huo ni mlango wa kufunga: mto unapoa, unajaa, na samaki waliokuwa wakisubiri wanapanda usiku mmoja. Asubuhi yake sona iko tupu na watu wanalalamika, wakati samaki wameshapita daraja la kwanza. Siku hiyo acha boti, chukua fimbo, nenda mtoni. Kwa Mto Salmon hali ni tofauti kidogo kwa sababu maji yake yanadhibitiwa na mabwawa ya umeme. Angalia kiasi kinachoachiliwa, usitegemee mvua pekee.

Kundi la pili sasa, lile ambalo mimi ningelifuata kama nina boti nzuri na siku tulivu. Hawa ni chinuki wa miaka miwili au mitatu ambao hawajapevuka, pamoja na trauti upinde-mvua. Hawana habari na mto wala harufu yake. Wako mbali, juu ya kina cha mita 60 hadi 150, wanakula kama Agosti, na kwao sheria zako zote za Agosti bado zinafanya kazi: tafuta nyuzi 10 hadi 13, tafuta wingu la elwaifu kwenye sona, tumia vijiko vile vile vya fedha. Ulichokosea wewe si chambo wala kina, ni mahali. Ulibaki ufukoni na zana za samaki walioko ndani ya ziwa. Hawa ni wadogo kuliko wale wa mbele ya mto, kilo 3 hadi 6 mara nyingi, lakini nyama yao ni nyekundu, imeshika mafuta, wakati yule mzee wa mtoni nyama yake imeshapauka na kulegea. Kama unavua kwa ajili ya sufuria, uamuzi ni rahisi.

Mtego wa Oktoba uko hapa. Maji ya juu yanaendelea kupoa, upepo unayachanganya, na ule mpaka unazidi kushuka. Inafika wiki ambapo maji yote kuanzia juu hadi mita 30 au 40 yana nyuzi 11 au 12. Agosti ungeshangilia. Sasa habari hiyo haikusaidii chochote, kwa sababu joto zuri liko kila mahali na samaki anaweza kuwa popote ndani yake. Kipimajoto kiweke mfukoni, fuata chakula peke yake. Asubuhi na mapema weka chambo kimoja karibu kabisa na uso, kilichoachwa nyuma sana ya boti, kwa ajili ya trauti upinde-mvua, na vingine vipange kwa ngazi mpaka chini. Elwaifu wenyewe watazidi kwenda kwenye maji marefu, maana maji huwa mazito kabisa yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo wakati wa baridi kilindini ndiko kwenye nafuu ya joto. Novemba ikikolea, samoni hao wachanga wanakuwa mbali na chini sana, na kwa boti ndogo sikushauri kuwafuata.

Lakini usifungashe bado, kwa sababu trauti wa kahawia anakuja. Yeye hutaga Oktoba na Novemba, anasogea mbele ya mito na kando ya magati, kwenye maji ya mita 2 hadi 6, na tofauti na chinuki bado anakula. Kijiko chembamba au samaki bandia mdogo, uzi mwembamba, kimya. Boti inamtisha kwenye maji mafupi namna hiyo, hivyo kutupa kutoka kwenye gati kunalipa zaidi, hasa baada ya jua kuzama. Nyuma yake trauti upinde-mvua wanaingia mtoni kufuata mayai ya samoni yanayobebwa na mkondo, na wengi watakaa humo hadi majira ya kuchipua ndipo watage. Hawafi baada ya kutaga kama chinuki. Chambo chao wakati huo ni chepesi kukisia: mayai, au kitu cha rangi na ukubwa wa yai. Trauti wa ziwani naye hutaga ziwani humohumo kwenye miamba na changarawe msimu huu, lakini sehemu nyingine huruhusiwi kumchukua wakati huo, kwa hiyo soma kanuni za mwaka husika kwanza.

Kuhusu kanuni, idara ya mazingira ya New York inataka uwe na leseni, na idadi ya samaki kwa siku hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo zisome mwenyewe. Moja nitaitaja kwa sababu mtoni utaona watu wakiivunja. Samaki aliyenaswa mgongoni, tumboni au mkiani, popote nje ya mdomo, si wako, mrudishe hapohapo. Kuburuza ndoano makusudi katikati ya kundi kumekatazwa, na usidanganyike na mtu anayesema "hawa watakufa tu." Wengi wa chinuki unaowavua ziwani siku hizi wamezaliwa mitoni kwa mayai ya hawahawa. Na kabla ya kumpikia mama mjamzito au watoto, soma ushauri wa idara ya afya ya jimbo. Samaki wakubwa wa Ontario wamebeba kemikali za zamani za viwandani zinazokaa kwenye mafuta, na ushauri kwa wanawake wa umri wa kuzaa na watoto ni mkali kuliko kwa wengine. Kutoa ngozi na kukata mafuta ya tumboni na mgongoni kunapunguza kiasi.

Boti uitoe lini? Inategemea urefu wake na utu uzima wako, lakini nikupe vipimo. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 311 na upana wa kama 85, likilala mashariki hadi magharibi. Upepo wa magharibi una njia ndefu ya kulima maji kabla haujafika kwako, na mawimbi yake ni mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana bila nafasi. Mdomo wa mto ni mbaya zaidi: mkondo unatoka, mawimbi ya kaskazini yanaingia, yanagongana na kusimama wima hapohapo unapohitaji kupita ili urudi nyumbani. Unaweza kutoka asubuhi maji yakiwa shwari na ukashindwa kuingia mchana. Kwa boti ya chini ya mita 6 mimi ningesema ikifika mwisho wa Oktoba uvue tu siku ambazo utabiri ni mtulivu kwa saa 24 zijazo, si kwa saa zile unazokusudia kuwa majini. Maboya ya hali ya hewa huanza kuondolewa ziwani mwishoni mwa msimu, na baada ya hapo unabaki na utabiri bila mtu wa kuuthibitisha.

Kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1 sheria ya New York inamtaka kila aliyemo kwenye boti ya starehe iliyo chini ya futi 21 avae jaketi la kuokolea, si kuliweka chini ya kiti. Wewe anza Oktoba. Kwenye maji ya nyuzi 8 mtu anayetumbukia hupoteza pumzi kwa mshtuko dakika ile ya kwanza, na mikono huacha kushika muda mfupi baadaye, hata awe mwogeleaji wa namna gani. Wikiendi hii ukitoka, toka saa kumi na moja alfajiri, piga mbele ya mto kwa samaki bandia wakubwa mpaka jua lichomoze, kisha kunja kila kitu, badilisha kuwa vijiko, uende kaskazini mpaka sona isome mita 70. Kama upepo umekuwa wa mashariki tangu Jumatano, huenda usilazimike kufika huko.